Ukurasa wa Mbuzi

"Uongo mimi haunipiti," ndivyo alivyopenda kusema Nassibu Mabruki. "Mtu akidanganya Kitete, mimi niko Ng'ambo nimeshakunja pua."

Aliyasema hayo mbele ya duka la ushirika la kijiji cha Ipolelo, amesimama kando ya gazeti lake la ukutani kama mfugaji wa Igunga kando ya fahali wake. Waliomsikiliza walitikisa vichwa kwa heshima, maana kijana alikuwa amefika kidato cha nne, na kijijini pale kidato cha nne kilikuwa kama ghorofa: kila mtu alikitazama kwa kuinua shingo. Basi tukubaliane kwamba pua hiyo ilikuwepo. Ilikuwa pua nzuri, imenyooka, ya kijana mtanashati. Kazi yake ndiyo tutakayoiona.

Nassibu alikuwa mtoto wa mjini Tabora, baba yake fundi bati wa mtaa wa Ng'ambo. Alipomaliza shule kazi ikawa inamkwepa, akapelekwa Ipolelo kwa mjomba wake Jilala, mwenyekiti wa kijiji, akasaidie kulima tumbaku na kula. Katika kula alifanya vizuri sana. Tumbaku ilimshinda mapema, ikamtia kizunguzungu na kutapika, ikabidi atafutiwe kazi isiyo na majani. Wakati huo watu wazima wa kijiji walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, mama na bibi wakibanana kwenye madawati ya wajukuu, na wote walihitaji kitu cha kusoma. Nassibu akakabidhiwa gazeti.

Lilikuwa karatasi moja kubwa ya manila, likiitwa *Macho Wazi*. Habari kubwa ziliandikwa juu kwa wino mwekundu, habari ndogo chini kwa penseli, kisha lote likabandikwa ukutani kwa uji mzito wa muhogo. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu mbuzi wa Ipolelo waliupenda uji ule kuliko majani. Gazeti likibandikwa jioni, asubuhi sehemu ya chini ilikuwa imeliwa mpaka pale ulimi wa beberu ulipofika. Watu wakapaita mahali pale ukurasa wa mbuzi. Mtu angeweza kusema, si ulipandishe gazeti juu kidogo? Nassibu alisema juu kuna dirisha. Na tena, tusifichane, ukurasa wa mbuzi ulikuwa na manufaa yake kwa mhariri.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekosekana kwa mara ya pili mfululizo. Mahindi yalisimama shambani makavu kama miswaki, watu wakala unga wa njano wa msaada huku wakiusema vibaya. Jioni, redio ya kijiji ikizimwa, swali likabaki moja tu: mvua imekwenda wapi?

Majibu yalikuwa mengi. Mzee mmoja alisema mvua imesusa tangu watemi walipoondolewa. Mwingine alilaumu wale waliokwenda kukanyaga mwezi na viatu. Lakini wenye wafuasi walikuwa wawili tu.

Wa kwanza alikuwa Bi Paskazia, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Ni sisi wenyewe," alisema. "Tumekata miti ya kuni za mabani ya tumbaku mpaka nikisimama mlangoni kwangu naona kijiji cha pili wanapika nini. Tulipohamia hapa, jicho la maji lilinifika kwenye paja. Leo linanifika kwenye kifundo cha mguu. Jua limekuwa jingine. Ardhi inachemka."

Wa pili alikuwa mwenyekiti. "Mvua ni ya Mungu, mayu," Jilala alimjibu kwa upole, akimwita mama kama desturi. "Shoka langu halina ngazi ya kufika mawinguni."

Jilala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbaku. Kijiji kizima kilikuwa na tumbaku, mmea wenye roho ngumu ulioponea chupuchupu pale mahindi yalipokufa, na tumbaku ikishachumwa haina subira: inaingizwa kwenye bani, lile jumba refu la udongo, na moto unawaka chini mchana na usiku mpaka jani ligeuke dhahabu. Moto ukikosekana, jani linaoza, na jasho la mwaka linanuka. Kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kilikuwa kijisitu cha Kambini, miyombo na mininga iliyozunguka jicho la maji, na mkuyu mmoja mkubwa umesimama juu yake. Pale ndipo wapagazi wa zamani, waliokuwa wakipeleka pembe pwani, walipotua mizigo wakalala. Walipika, wakanywa, wakaenda zao, na miti wakaiacha. Sababu haijulikani. Labda walikuwa wamechoka.

Sasa Jilala alitaka kuikata. Bi Paskazia alitaka ibaki, kwa kuwa aliamini kwamba jicho likipoteza kivuli chake litafumba, na jicho la Kambini likifumba hakuna maji mengine mpaka mtoni, mbali, ambako alikuwa akichota enzi za usichana wake na hakutamani kurudi na magoti aliyokuwa nayo sasa.

Je, gazeti lilikuwa upande gani? Gazeti halikuwa na upande, Nassibu alisema. Lilikuwa macho wazi. Ila mhariri alilala kwa Jilala, alipanda baiskeli ya Jilala, na siku ya kuku Jilala alikuwa akimwekea yeye firigisi, ile ya mkubwa wa nyumba. Hakuna aliyewahi kumwambia andika hivi, usiandike vile. Firigisi ilikuwa inatosha. Basi juu, kwa wino mwekundu, ikasomeka: MWENYEKITI: MVUA NI YA MUNGU. Na chini, kwa penseli, yakaandikwa maoni yote ya Bi Paskazia bila kukosa hata moja. Asubuhi yalikuwa yamebaki maneno matatu: "Bi Paskazia anasema".

"Ninasema nini, mwanangu?" Bi Paskazia aliuliza, kidole chake kikifuata herufi kama alivyofundishwa darasani.

"Muulize beberu, mama," Nassibu akajibu, na watu wakacheka. Hata yeye Bi Paskazia alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kuacha.

Halafu akaja bwana miti, afisa misitu kutoka mjini.

Jina lake Wenceslaus, mtu mrefu, mnyoofu na mkweli, na kwa sababu hiyo alichosha kumsikiliza. Alikuja na gari la serikali, akasimama mbele ya duka, akasema, "Sitawaambia kwamba mkikata mti leo, kesho mvua itakataa. Lakini ardhi iliyovuliwa miti inapata moto. Lakini mvua ikija juu ya ardhi hiyo inakimbia, haizami, na chemchemi inakufa hata kama mvua imenyesha. Lakini tena, kama kila kijiji cha mkoa huu kitafanya hivyo, na mikoa ya jirani nayo, basi wapo wataalamu wanaoona kwamba hata hewa yenyewe itabadilika, na hilo siwezi kuwaapia, lakini siwezi kulipuuza." Kila alipofika kwenye lakini, Nassibu aliinua kalamu. Kila lakini ilipoendelea kurefuka, aliishusha bila kuandika.

Hotuba ilipokwisha mhariri akashuka Kambini kutafuta habari. Kwa bahati tu, Batuli binti Omari alikuwa akichota maji huko. Batuli alikuwa msichana wa jirani, mwenye macho makubwa na mdomo usiolala, na Nassibu alikuwa akitafuta habari Kambini karibu kila siku.

Akakuta kicheko. Pazi, dereva wa bwana miti, alikuwa ameshuka kuchukua maji ya rejeta. Pazi alikuwa Mzaramo, na mara tu wanawake walipolijua hilo, kazi ilisimama.

"Mabinti wa wapagazi, hamjambo?"

"Hatujambo, mwana wa ngoma!" Batuli akamjibu. "Umekuja kututazama tukifanya kazi? Maana kwenu kazi mnaisikia redioni."

"Nyamaza wewe! Babu zenu walifika pwani na pembe mabegani, wakaiona bahari, wakadhani ni mbuga imefurika. Wakaulizia mbegu za mpunga!"

Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. Bi Paskazia alichota tope akalirusha, likampata Pazi kifuani. Naye akapanda juu ya gogo, akaiweka sawa kofia yake yenye nembo, akakohoa kama waziri.

"Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Nimepima. Shida ya maji yenu ni hii miti, inakunywa usiku kucha kama walevi wa harusini. Ikateni yote, msibakize hata mmoja, jicho litawafika shingoni! Na mkishakufa kwa kiu mniite, nije nirithi mbuzi."

Batuli akamvua kofia, akakataa kuirudisha mpaka Mzaramo abebe ndoo kichwani kupanda mlima. "Leo mpagazi ni wewe!" Na akaibeba, maji yakimtiririka shingoni, wanawake wakimpigia vigelegele.

Hakuna aliyekuwepo ambaye hakujua kinachoendelea. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kuku, hata kulala mbele ya jeneza la babako akatae kuinuka mpaka apewe chochote, na wewe ukikasirika ndiye mwenye kosa. Neno la mtani linachekewa pale pale lilipoangukia. Halibebwi kwenda nyumbani.

Nassibu akalibeba kwenda nyumbani.

Tusimwonee. Alicheka kama wengine, na alijua kama wengine. Lakini alipokaa mbele ya karatasi tupu, maneno ya bwana miti yalikuwa marefu na ya kijivu, na ya Pazi yalikuwa yanang'aa. Tena yalielekea kule kule firigisi ilikotoka. Akachovya kalamu kwenye wino mwekundu: MTAALAMU KUTOKA DAR ES SALAAM: "MITI INAKUNYWA MAJI YENU. IKATENI YOTE." Chini yake, kwa herufi za wastani: "Bwana Miti akiri: 'Sitawaambia kwamba mkikata mti leo, kesho mvua itakataa.'" Na kila kilichoanzia kwenye lakini kikapelekwa kwa mbuzi. Alijiambia kwamba hakuongeza neno hata moja. Na kweli hakuongeza. Alipunguza.

Alitegemea wacheke. Hilo ndilo kosa la watu wanaochekesha: hudhani kila msomaji anausikia mlio wa sauti. Waliokuwa Kambini walikuwa wachache, na ukutani hapakuwa na gogo, wala tope, wala ndoo kichwani. Palikuwa na mtaalamu. Kwenye mkutano wa kijiji gazeti likasomwa kwa sauti kubwa na wazee waliokuwa na furaha ya kuweza kusoma. Jilala alisimama, uso wake ukiwa mwepesi kama wa mtu aliyeshushwa mzigo. "Mnaona? Mtaalamu mwenyewe amesema. Hatuliharibu jicho, tunalisaidia." Ikaamuliwa: Alhamisi asubuhi, mashoka Kambini.

Bi Paskazia aliinuka. "Ndugu Mwenyekiti, mtaalamu huyo ni yupi? Mimi nilimwona bwana miti, na dereva wake yule Mzaramo..."

"Dereva hatumzungumzii, mama," mtu akamkatiza. "Imeandikwa mtaalamu."

Akamgeukia Nassibu. Kijiji kizima kikamgeukia Nassibu. Angeweza kusema hapo hapo. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini mjomba alikuwa akimtazama kwa fahari ambayo baba yake, fundi bati, hakuwahi kumtazama nayo, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Chanzo chetu ni cha kuaminika."

Batuli hakuwepo mkutanoni. Mama yake alikuwa ameshikwa na tumbo, na yeye alikuwa amempeleka Kitete hospitalini. Nassibu alishukuru, kisha akashangaa kwa nini anashukuru.

Jumatano mchana alishuka Kambini kwa mazoea ya miguu tu. Alimkuta Bi Paskazia peke yake, amezungukwa na vyombo: mitungi, ndoo, masufuria, karai la kuogeshea mtoto, hata birika la chai. Alikuwa akivijaza kimoja kimoja kwa kata, bila haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea hapo, usinitie kivuli, sioni nimejaza mpaka wapi."

"Vyombo vyote hivi ni vya nini?"

"Nachota kabla mtaalamu wenu hajamaliza kutusaidia." Alisema bila ukali, na hilo lilimchoma zaidi. "Mkwe wangu amejifungua mapacha juzi. Mtoni kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Mimi magoti yangu yatafika mara moja, siku ya pili yatakataa. Najaza nilivyonavyo. Birika si kitu, najua. Lakini siwezi kuliacha tupu nikalitazama."

Nassibu akatafuta mzaha. Kwa kawaida ulikuwa karibu, anyooshe tu mkono. Safari hii hakuupata.

"Ulimrushia tope wewe mwenyewe, mama. Unajua alikuwa nani."

"Mimi najua. Nimesema, hawakunisikia. Mimi sijaandikwa kwa wino mwekundu." Akampa kata. "Hebu nisaidie karai."

Akamsaidia karai. Maji yalikuwa baridi, kivuli cha mkuyu kimeyalalia, na kwa mara ya kwanza aliona mpaka wa zamani kwenye jiwe, mstari wa kijani uliokauka, juu sana ya pale maji yalipokuwa sasa. Alikuwa amekuja pale karibu kila siku kutafuta habari.

Jioni ile aliandika sahihisho. Aliliandika vizuri, kwa ukweli wote: mtaalamu ni dereva, dereva ni mtani, maneno ni utani, na bwana miti alisema lakini nyingi. Kisha mkono wake, kwa mazoea, ukalibandika pale yanapokaa masahihisho. Chini. Kwa penseli.

Asubuhi ya Alhamisi alikuta beberu amesimama mbele ya duka, anatafuna, ndevu zimeganda uji. Kwenye ukuta yalikuwa yamebaki maneno mawili: "Tunaomba radhi".

Na kutoka nyumba za juu, watu walikuwa wanashuka na mashoka.

Sasa hapa Nassibu alionyesha yeye ni mtu wa namna gani. Kwa busara ambayo vijana wachache wanayo, alikuwa amekwisha kupeleka habari mjini kumwita Pazi. Lakini Pazi hakuwa amefika, na mashoka yalikuwa yamefika. Akakimbia njia ya mkato, akatangulia Kambini, akautazama mkuyu mkubwa, akaupanda, ili shoka likitaka mti lianze na yeye. Kutoka juu akapaza sauti iliyotikisa majani:

"Simameni! Yule hakuwa mtaalamu! Alikuwa dereva!"

"Shuka, Nassibu," Jilala alisema, akitazama juu, mkono umekinga jua. "Umeandika mwenyewe ni mtaalamu."

"Nilikosea, mjomba!"

"Ulikosea lini? Ulipoandika au ulipopanda?"

Watu wakaguna. Wengine walisema kijana amehongwa na wanawake, wengine kwamba jua limemwingia. Kwa kuwa kilichoandikwa kwa wino mwekundu kilikuwa bado ukutani, na kilichosemwa kwenye mkuyu kilikuwa sauti tu, mtu mmoja akatema mate mikononi akaushika mpini. Bi Paskazia na wanawake walikuwa wamesimama upande wa pili wa maji, kimya. Kimya cha Bi Paskazia kilikuwa kitu ambacho Ipolelo haikuwahi kukisikia.

Ndipo gari la serikali likanguruma mlimani.

Pazi aliruka nje kabla injini haijazimika vizuri, bwana miti nyuma yake akishika kofia. Pazi akayatazama mashoka, akawatazama watu.

"Hamjambo wapagazi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Jilala akasema. "Tunakata miti kama alivyotushauri mtaalamu kutoka Dar es Salaam."

"Ahaa. Yukoje huyo mtaalamu?"

"Mimi sikumwona. Imeandikwa."

"Alikuwa na kofia yenye nembo!" Bi Paskazia akapaza sauti kutoka ng'ambo ya maji, na sauti yake ya kuitia ng'ombe ilikuwa imerudi.

Pazi akaivua kofia yake taratibu. Akaigeuza, akaitazama nembo, akamtazama Jilala. "Kama hii?"

Hapo Pazi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na alipomaliza kukaa akalala chali, kichwa kwenye mzizi wa mkuyu, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

"Nimekufa," akatangaza. "Neno langu mwenyewe limeniua. Watani zangu, nizikeni hapa hapa. Sanda mtatoa ninyi, kuku wa matanga mtatoa ninyi. Na huu mkuyu ni kaburi langu, asiuguse mtu mpaka matanga yaishe. Na matanga ya Mzaramo hayaishi leo wala kesho, si mnajua tunavyopenda ngoma!"

Jilala alisimama na shoka lake. Njia zilikuwa mbili. Akikasirika, atakuwa amemkasirikia mtani mbele ya kijiji kizima, na aibu hiyo itaimbwa mpaka wajukuu. Akicheka, shoka litashuka lenyewe. Midomo yake ikacheza, ikajizuia, ikacheza tena. Maiti ikafumbua jicho moja.

"Mwenyekiti, sanda iwe nzuri. Usiniletee gunia la tumbaku."

Jilala akacheka. Akacheka mpaka akaegemea mpini, na watu wote wakacheka naye, mashoka yakawekwa chini moja moja kama mizigo ya wapagazi. Ng'ambo ya jicho Bi Paskazia hakucheka. Aliketi ndani ya maji na nguo zake zote, akayachota kwa viganja, akajimwagia usoni, tena na tena, na hakuna aliyejua yapi ni ya jicho la Kambini na yapi ni yake.

"Mzaramo, nimecheka," Jilala akasema akijifuta macho. "Lakini tumbaku yangu haichekeshi. Iko kwenye bani, mbichi. Nitaikausha kwa utani?"

Bwana miti akakohoa. Watu wakajiandaa kwa lakini nyingi, lakini safari hii alisema kwa ufupi. Mwaka jana walipofyeka viwanja vya nyumba mpya, magogo waliyalaza wapi? Pembeni mwa mashamba. Na wanayafanyia nini? Wanayachoma kidogo kidogo kila wakilima, yasiwazibie njia. "Basi yabebeni yaende kwenye bani. Msimu huu yanatosha. Kwa misimu ijayo nitawaletea miche ya kuni, tutaipanda mbali na maji, maana ipo miti mingine, kama mkaratusi, ambayo kweli inakunywa sana. Hilo Pazi hakukosea kabisa."

"Msimvimbishe kichwa," Batuli akasema kutoka mlangoni mwa gari.

Jilala alikuna kidevu. Magogo yale alikuwa akiyapita kila siku akiyaona ni takataka. Uso wake ukawa mwepesi, kama siku ile ya mkutano, ila safari hii hapakuwa na mtu upande wa pili anayejaza birika. "Nitayachukua," akasema. "Lakini kuhusu mvua, bwana miti, bado sijakubali kwamba shoka langu linafika mawinguni."

"Usikubali," bwana miti akamjibu. "Endelea kuniuliza. Ila tuulizane miti ikiwa imesimama."

Siku ile kuku alichinjwa kwa Jilala, na firigisi alipewa maiti. Gazeti lilipandishwa hadi usawa wa dirisha, mbuzi wakakonda kidogo, na Bi Paskazia akawa anasoma maneno yake mpaka mwisho, polepole, kwa sauti, watu watake wasitake. Masika yaliyofuata mvua ilinyesha. Bi Paskazia alisema ni miti, Jilala alisema ni Mungu, na jicho lilipanda mpaka juu kidogo ya kifundo bila kusema lolote. Na yote hayo kwa sababu ya kijana mmoja jasiri aliyeuweka mwili wake kati ya shoka na mkuyu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kuweka nukta ya mwisho. Lakini Batuli, ambaye nilifunga naye ndoa mwezi wa mfungo mosi na sasa tunaishi chumba kimoja hapa Ng'ambo, amesimama nyuma ya kiti changu muda mrefu kuliko nilivyodhani, na anasoma haraka kuliko ninavyoandika.

"Huyu Nassibu jasiri ni nani?"

"Ni hadithi tu. Nassibu yeyote."

"Mwenye baba fundi bati?"

"Mafundi bati wako wengi Tabora."

"Haya. Na huyu aliyepeleka habari mjini kumwita Pazi, alizipeleka kwa njia gani? Maana mimi nilizisikia Kitete, kwa jirani aliyekuja kumwona mama. Nikamtafuta Pazi kwa miguu yangu, nikamkuta hapo mtaa wa pili anakunywa chai, nikamkamata ukosi. Nilikuwa kwenye lile gari, Nassibu. Ile sauti iliyotikisa majani niliisikia."

"Uliisikia vizuri?"

"Vizuri sana. Ilikuwa inaomba ngazi ya kushukia."

Nikamwambia sawa, mke wangu, nitaandika sahihisho, nitaliweka hapa chini, mwisho kabisa wa ukurasa.

"Juu," akasema, na akanyoosha mkono nimpe kalamu.